Tupeane uzoefu: Tiketi ya likizo iko mkononi, mgomo wa ndege unanukia. Nyie mlifanyaje?

Mama Nasri, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu. Mimi na mume wangu tumejinyima miaka miwili ili Desemba tuwapeleke watoto watatu Hamburg kwa dada yangu. Tiketi tano tumelipa tangu Juni, viza zimetoka, na kitinda mimba wangu analala na koti la baridi tulilomnunulia mitumbani Karume. Juzi nasikia wahudumu wa ndege wa shirika tunalosafiri nalo, la huko huko Ulaya, wamepiga kura ya kugoma. Tarehe hawajataja. Tangu siku hiyo usingizi sina.

Naomba waliopita njia hii waseme walichofanya. Naanza na yangu.

Ule mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulioanza Nairobi tarehe 5 Novemba 2022 ulimkuta mama yangu mzazi akiwa na safari ya Kisumu, harusi ya mpwa wake. Notisi ilitoka wiki mbili kabla. Tulijua, tukasema watapatana tu, wakubwa hao. Tiketi tulikata mbili mbali mbali kwa kuwa ilikuwa nafuu: Dar hadi Nairobi kwa shirika moja, Nairobi hadi Kisumu kwa shirika jingine. Ile ya kwanza ilifutwa, nauli ikarudi. Ya pili iliruka kama kawaida, kiti cha mama kikiwa kitupu, na hela yake haikurudi hata senti, kwa sababu kwa shirika lile abiria ndiye hakutokea. Mahakama iliwarudisha marubani kazini siku ya nne, harusi imeshapita. Mama alikuwa ameshapiga pasi doti zote mbili za khanga za kumtunza bibi harusi. Zimekaa kitandani wiki nzima, hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Mkata Tiketi, Kariakoo

Pole sana mama. Nimekaa kwenye kaunta ya tiketi miaka kumi na moja, nikuambie kitu kimoja kabla ya vingine vyote: usifute mwenyewe.

Nilikuwa na mteja, baba wa watoto wanne, walikuwa waende likizo nje. Alikuja ofisini saa kumi jioni, uso umemshuka, ameona habari ya mgomo kwenye simu. Akasema nifutie, nisije nikaaibika uwanjani. Nilimsihi angoje hadi asubuhi. Hakutaka. Nikafuta, makato yakala zaidi ya nusu ya nauli. Kesho yake saa mbili shirika likatangaza kufuta safari ile ile, na abiria wengine wote wakarudishiwa nauli kamili. Alirudi ofisini akakaa kwenye benchi bila kusema neno. Ukifuta wewe, unahesabiwa umeghairi. Likifuta shirika, linawajibika kwako. Usiku mmoja tu ndio uliotenganisha hayo mawili.

La pili ni kosa letu sisi mawakala na bado linafanyika. Ukinunua kwetu, mara nyingi tunaweka simu ya ofisi kwenye kumbukumbu ya tiketi badala ya namba yako. Mwaka 2019 ofisi niliyokuwa nafanya kazi iliweka namba ya kaunta kwa kila mteja. Ujumbe wa kufutwa kwa ndege ukaingia Jumamosi usiku, simu iko kwenye droo imezimwa mpaka Jumatatu. Familia ya watu sita ilikwenda uwanjani alfajiri na mabegi yote, ikiwa na bibi mwenye kisukari. Sijalisahau lile. Kwa hiyo leo leo fungua tiketi yako, tafuta zile herufi na tarakimu sita za kumbukumbu yake, ingia nazo kwenye tovuti ya shirika pamoja na jina lako la ukoo, uone namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa ni za nani. Kama si zako, badili.

Na hela hurudi kwa njia iliyopita ilipoingia. Kama wakala alilipa kwa kadi yake, itarudi kwa wakala. Risiti yake usiitupe.

Binti wa Tanga, Hamburg

Dada Mama Nasri, karibuni sana huku. Mimi naishi mtaa wa pili na uwanja wenyewe.

Machi 2025 nilikuwa naenda nyumbani kumalizia Ramadhani na kula Idi na wazee. Chama cha wafanyakazi cha Verdi kilikuwa kimetangaza mgomo wa Jumatatu tarehe 10 katika viwanja vingi vya Ujerumani, Frankfurt na München vikiwemo. Mimi nikajiona mjanja, naondoka Jumapili, nimeuwahi. Jumapili asubuhi wafanyakazi wa uwanja wa Hamburg wakagoma siku moja kabla, bila taarifa. Karibu ndege zote zikafutwa. Nilifika ubao mzima umegeuka mwekundu, mstari kwa mstari, neno moja tu: imefutwa. Nilifuturu pale ukumbini, tende tatu na maji, na mzee mmoja wa Kituruki aliyenikatia nusu ya mkate wake.

Kwa bahati begi kubwa nilikuwa sijalikabidhi. Jirani yangu kwenye foleni alikabidhi lake mapema, na siku tatu baadaye bado alikuwa analitafuta. Siku za mgomo usikimbilie kaunta ya mizigo kabla hujahakikisha ndege inaondoka, na dawa na nguo za kubadilisha ziwe begi la mkononi.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wanaponyimwa haki yao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila anayeondokea Ulaya kwa shirika lolote, na pia anayekuja Ulaya kutoka nje kwa shirika la Ulaya. Kwa hiyo inakuhusu kwenda na kurudi. Safari ikifutwa unachagua mwenyewe: nauli irudi ndani ya siku saba, au wakupeleke kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo, au siku nyingine inayokufaa. Wakikupa voucha, yaani hati ya kusafiria siku nyingine badala ya hela, na wewe huitaki, ikatae. Ukichagua kungoja ndege nyingine, chakula na hoteli ni juu yao, mgomo uwe wa nani. Mimi nililipa hoteli siku mbili kwa hela yangu, nikatunza kila risiti hadi ya chai, nikarudishiwa yote.

Fidia ni jambo jingine. Ni euro 250, 400 au 600 kwa kila abiria, kutegemea umbali, na Dar hadi Hamburg inaangukia 600. Ila wakikujulisha siku 14 au zaidi kabla ya safari, fidia hakuna. Mimi sikupata, kwa sababu waliogoma ni watu wa uwanja, shirika halina mamlaka nao. Waongoza ndege wakigoma ni hivyo hivyo. Lakini wakigoma wafanyakazi wa shirika lenyewe, Mahakama ya Haki ya Ulaya imeshaamua, mwaka 2018 na tena 2021 katika kesi ya marubani wa SAS, shirika la Skandinavia, kwamba hilo si jambo la dharura la kulisamehe shirika. Wako ni wahudumu wa shirika lenyewe, dada. Watu watano mara 600. Usikubali kuambiwa "ni mgomo, hatuna la kufanya".

Jambo la mwisho, na hili naliogopa kwa ajili yako. Wakikupa njia nyingine, uliza inapita wapi kabla hujasema ndiyo. Paspoti ya Tanzania kupitia London inadai viza ya transiti hata kama hutoki nje ya uwanja, na viza ya kutembea ya Schengen, hii ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haikusaidii hapo. Wenzetu wa Kongo ya Kinshasa hata kupita viwanja vya Schengen wanadaiwa viza ya transiti. Mfanyakazi wa kaunta anatafuta viti vitano, paspoti yako haioni.

Mwana wa Syokimau

Mimi ni wa Nairobi. Agosti 2024 chama cha wafanyakazi wa viwanja vya ndege, KAWU, kilitoa notisi ya mgomo kupinga mpango wa JKIA, uwanja wetu mkuu wa Nairobi, kupewa kampuni ya Adani ya India. Ukaahirishwa. Watu wengi wakapumua wakasahau. Mimi nilikuwa nimepangia mke wangu likizo fupi Mombasa, ndege ya asubuhi tarehe 11 Septemba. Nilikataa kusahau. Mgomo ulioahirishwa bado ni mgomo, madai yenyewe yalikuwa hayajajibiwa. Wiki moja kabla nikanunua tiketi mbili za treni ya SGR za usiku wa tarehe 10, shilingi 1,500 kila mmoja, kama akiba. Jioni hiyo nikaona minong'ono imezidi. Tukapanda treni saa nne usiku. Mgomo ulianza usiku huo huo wa manane. Asubuhi sisi tuko Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, tunanunua mahamri, simu inaleta picha za watu wamejaa nje ya uwanja na mabegi. Kwa ndege sikufuta chochote, kama alivyosema Mkata Tiketi.

Ila muwahi, jameni. Treni za mwisho wa mwezi na za likizo za shule hujaa mapema sana.

Dereva wa Kiwengwa

Asalam aleikum. Sie huku Unguja tunaupokea mgomo upande wa pili. Unakaa uwanjani na kibao cha jina la mgeni, ndege haiji. Wageni wangu wengi Wataliani, na wao washazoea. Walonifunza ni hivi: kwao sheria inazuia migomo ya ndege kuanzia 27 Julai hadi 5 Septemba, na siku nyengine za mgomo kuna saa ambazo ndege lazima ziruke, saa moja hadi saa nne asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Mjanja anakata ndege ya saa hizo.

Kubwa kwangu ni kuambiwa mapema. Bwana na bibi harusi wa Bologna waliniandikia siku tatu kabla: huenda tukachelewa, tusaidie kusema na hoteli. Nikaenda mwenyewe kwa meneja nikamwonesha ujumbe, akasogeza siku mbili bila ya kudai kitu. Wale walonyamaza, vyumba vyao vilihesabiwa tangu usiku wa kwanza. Mwambie dada yako na kila ulomlipa huko, sasa hivi, kabla hakijatokea kitu.

Mama Imani, Ottawa

Ningependa kuongeza kidogo kwa kaka Mkata Tiketi. Wahudumu wa Air Canada, zaidi ya elfu kumi, waligoma tarehe 16 Agosti 2025. Notisi ya saa 72 ilipotoka, shirika likaruhusu abiria wa siku zile kubadili tarehe bila ada. Sisi tulikuwa wanne, tunakwenda Arusha kwa bibi. Nilibadili saa ile ile, nikapata viti vinne pamoja mwishoni mwa Agosti. Rafiki yangu alisema angoje kidogo, na jioni viti vilivyobaki vilikuwa kimoja kimoja, siku tofauti. Kufuta na kubadili bila ada ni vitu viwili, msivichanganye. Na bima ya safari inunueni kabla mgomo haujatajwa. Ukiinunua baada ya tangazo, mgomo huo hauguswi.

Mkata Tiketi, Kariakoo

Kweli kabisa mama. Wakifungua mlango wa kubadili bure, na siku hizo zimo ndani ya viza yako, pita.

Mama Nasri, Dar es Salaam

Mungu awabariki. Nimesoma mara mbili, mara ya pili na mume wangu pembeni.

Nimeingia kwenye tiketi. Namba ya simu ilikuwa ya wakala, na barua pepe ilikuwa ya kijana aliyeacha kazi pale Julai. Nimeweka yangu na ya baba Nasri. Kisha nikagundua kitu kingine, moyo ukashtuka: safari ya Frankfurt kwenda Hamburg wakala aliikata kwa namba ya kumbukumbu tofauti na ile ya Dar kwenda Frankfurt. Yale yale ya mama na Kisumu. Leo mchana nimekwenda ofisini kwake, nimekaa hadi wakapiga simu shirikani, na tumeongeza shilingi laki mbili na elfu arobaini kwa watu watano ili safari yote iwe chini ya namba moja. Wameandika pia kwamba tusipitishwe London.

Viza zetu zinaisha tarehe 12 Januari, na kurudi ni tarehe 4, kwa hiyo tuna siku nane za kusogea. Dada ameshaambiwa, anasema chumba ni chake, hakidaiwi na hoteli. Sijafuta kitu. Dawa za pumu za Nasri nimeshazihamishia begi la mkononi, ingawa bado wiki tano.

Binti wa Tanga, nitakutafuta pembeni kuhusu yale madai ya fidia, nijue fomu inajazwaje, isije siku hiyo ikanikuta sijui pa kuanzia. Wengine wenye zenu endeleeni kuweka.