Eti mimi "ombaomba wa serikali"? Leo nasema!

Wakuu, natoka kwenye kikao cha harusi sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Yule bwana, mnamjua, yule ambaye akishika maiki hatoi mpaka betri ife, ameniita OMBAOMBA WA SERIKALI, eti kwa sababu napokea SSDI, malipo ya ulemavu ya serikali ya Marekani. Mbele ya wakwe! Na kijiti cha meno mdomoni!

Mimi niliyebeba boksi hapa Marekani usiku kucha mpaka pingili za mgongo zikasagika, leo ni ombaomba!

SSDI ni BIMA. Chukua slipu yako ya mshahara, angalia makato ya Social Security (hifadhi ya jamii): asilimia 6.2 yako, na mwajiri anaweka 6.2 nyingine. Kila upande, 0.9 inaingia mfuko wa ulemavu. Ndivyo ulivyo tangu Rais Eisenhower atie saini mwaka 1956: anakula aliyechangia. Watu wazima wengi tunadaiwa krediti 40, yaani alama unazopata kwa kufanya kazi na kuchangia, na 20 kati yake uwe umezipata ndani ya miaka 10 kabla hujaumia. Kwa mwaka hupati zaidi ya 4. Sasa ombaomba gani anayekatwa mshahara miaka yote hiyo kwanza, ndipo anyooshe mkono?

Kilichonichoma zaidi: alimgeukia baba mkwe, akachomoa kijiti, akanielekezea mimi. "Huyu tunamlisha sisi." Ukumbi mzima ukacheka! Hadi waliokuwa jikoni wakaja kuuliza kuna nini! Ananilisha kwa lipi, wakati yeye kila kazi analipwa mkononi, hajawahi kukatwa hata senti? Siku akianguka ngazi hana krediti hata moja. Kijiti kile kile, wakuu. Kilichotoka kwenye meno!

Mama Wawili: Pole sana kaka. Huyo huyo kwenye msiba alinikagua navyotembea, eti "mbona leo huchechemei?" Kama yeye ndiye daktari wa serikali.

Mpiga Kasia: Uzi mzima kijiti, kijiti. Mkuu, ulinyamaza ukumbini ukaja kutupigia kelele sisi?

Mtoa uzi: Ningemjibuje na mama mkwe ananitazama? Wewe ungeelekezewa kijiti ungefanya nini?

Mpiga Kasia: Ningempa tambi asafishie mengine 😂

Nesi wa Zamu: Wengi wanachanganya na SSI, msaada mwingine wa serikali. Ile inaangalia kipato na mali uliyonayo, haidai krediti, na fedha zake zinatoka kwenye kodi za kawaida. Na hata anayepokea hiyo hastahili kuchekwa na mtu.

Dereva Mkongwe: Afadhali wewe unatukanwa huku unalipwa. Mimi ombi la kwanza wamelitupa, wakaniangalia upya wakalitupa tena, sasa nasubiri jaji. Barua inasema naweza kufanya "kazi nyingine". Mtu asiyeweza kukaa wala kusimama, kazi gani hiyo? Kuhesabu mawingu nikiwa nimelala?

Mama Wawili: Ulikata rufaa ndani ya siku 60 lakini?

Dereva Mkongwe: Ndani kabisa dada. Ila wakili naye anasubiri asilimia 25 ya malimbikizo yangu.

Nesi wa Zamu: Wa kwako si anachukua ukishinda tu? Na kuna kikomo chake. Tatizo kubwa ni madaktari kuandika "anaumwa mgongo", basi. Waandike unaweza kukaa dakika ngapi, kunyanyua uzito gani, na kama hali itadumu miezi 12 au zaidi. Hapo ndipo mafaili yanapofia.

Shangazi Tulia: Mimi wamenikubali na bado nalia. Miezi 5 ya mwanzo hailipwi, halafu Medicare, bima ya afya ya serikali, mpaka nimalize miezi 24 ya kustahili malipo. Dawa za miaka hiyo nani ananunua?

Mtoa uzi: Jamani, turudi kwenye kijiti.

Dereva Mkongwe: Shangazi, miezi 24 kweli? Mbona wakili wangu hajaniambia?

Shangazi Tulia: Kweli kabisa. Wenye ALS, ule ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, wao hawasubiri. Wakili wako anapokea simu kwani? Wangu kila nikipiga naambiwa yuko mahakamani.

Mpiga Kasia: Wangu yuko mahakamani hadi Jumapili. Huyo tumfungulie uzi wake.