MSAADA: Kinasa cha MiniDisc kinapiga diski za zamani vizuri, kikirekodi ni kimya

Diski_Bapa
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wajuvi wa MiniDisc, zile diski ndogo za muziki zilizo ndani ya kasha la plastiki.

Nina kinasa cha mkononi cha NetMD (aina inayopokea nyimbo kutoka kompyuta kwa USB), kile kinachotumia betri bapa ya 1.2 V na kuja na kikasha cha kufunga kwa nje cha betri moja ya AA. Diski zilizorekodiwa zamani kinazipiga safi, na zile zilizotoka kiwandani na muziki wake pia. Nikirekodi kwa waya, dakika zinahesabu na mwisho kinaandika TOC (orodha ya nyimbo) kama kawaida. Ila diski hiyo nikiitia kwenye kicheza cha miaka ya 90, muda unasonga lakini sauti hakuna. Nikiirudisha kwenye kinasa chenyewe, mara inasomeka, mara inaleta hitilafu ya diski.

Pia teminali ya betri imeota ukungu mweupe wenye kijani kidogo. Kikipona ningependa kukiboresha: betri ya kuchaji kwa USB-C na bluetooth. Nimesoma kwamba kuna skrubu ya kuongeza nguvu ya leza. Bisibisi ninayo mkononi, nasubiri ruhusa.

RisasiNyepesi
Ruhusa hupati mkuu, weka bisibisi chini. Skrubu hiyo ni habari ya vicheza CD vya zamani. Kwenye vinasa vya kizazi cha NetMD, nguvu ya leza ilipimwa kiwandani na thamani zake ziko kwenye kumbukumbu ya ndani ya mashine. Hata kwenye CD, kuikaza ni kuikamua leza inayokufa.

Kabla ya kufungua chochote, jibu: ulirekodi kwa SP (mfumo wa kawaida) au LP2 (unaobana sauti zaidi ili diski ibebe muda mrefu)? Jina la wimbo kwenye kile kicheza cha zamani linaanza na "LP:"?

Nauliza kwa sababu LP2 na LP4 zilikuja mwaka 2000. Mashine iliyotengenezwa kabla ya hapo haielewi mfumo huo, ila badala ya kugoma inahesabu muda na kutoa kimya. Hizo herufi "LP:" huwekwa na kinasa makusudi ili mtu ajue. Kwa hiyo jaribio lako la kwanza huenda halijathibitisha chochote.

Rudia hivi: chukua diski ya majaribio yenye nyimbo usizozihitaji, hakikisha kidude cha pembeni hakijaacha tundu wazi (tundu wazi maana yake kurekodi kumezuiwa), futa nyimbo zote, rekodi dakika 3 kwa SP, subiri TOC imalizike, toa diski, irudishe. Tuambie unachokiona.

Diski_Bapa
Ni kweli mkuu, ilikuwa LP2 na "LP:" ipo. Nimerudia kwa SP kama ulivyosema. Sasa ni hitilafu ya diski kwenye mashine zote mbili. Nyimbo za zamani hazijarudi.

VumbiZero
Safisha lenzi kwanza. Pamba ya masikio na spiriti ya isopropili, mengi yanaishia hapo.

Kinasa64
Lenzi chafu ingeanza kuonekana kwenye kupiga, @VumbiZero, na ingesumbua diski za kurekodia kabla ya zile za kiwandani. Za kiwandani zina vishimo kama CD na zinarudisha mwanga mwingi. Za kurekodia husomwa kwa mgeuko mdogo sana wa mwelekeo wa mwanga. Kinasa chake kinasoma zote mbili bila shida. Kusafisha hakudhuru, ila ugonjwa uko kwingine.

@Diski_Bapa, jibu unalo tayari kwenye sentensi ya "nyimbo za zamani hazijarudi".

MiniDisc ya kurekodia haichomwi kama CD-R. Leza iko chini ya diski, kichwa cha sumaku kiko juu yake. Leza inapasha doa dogo la tabaka la sumaku hadi takriban nyuzi 180 za Selsiasi, na kwenye joto hilo tabaka linasahau mwelekeo wake. Kichwa cha juu kinageuza uga wa sumaku kwa kufuata data, doa likipoa linabaki na mwelekeo liliopewa. Wakati wa kupiga ni leza tu inayofanya kazi, tena kwa nguvu ndogo, na kichwa kimenyanyuliwa. Ndiyo maana mashine yenye kichwa kilichokufa inaweza kupiga diski miaka na miaka na usijue.

Leza ikiwa ndiyo imechoka, joto halifiki, tabaka halibadiliki. Ukitoa diski na kuirudisha, nyimbo zote ulizodhani umezifuta zinakukodolea macho. Leza ikiwa nzima na kichwa ndicho hakifanyi kazi, doa linapashwa, ya zamani yanafutika, lakini hakuna uga wa kuandika mapya. Kinachobaki hakisomeki. Na TOC inaandikwa kwa kichwa hichohicho, hivyo nayo inaharibika na ndipo unapata hitilafu ya diski.

Wewe uko kwenye kundi la pili. Na kwa kuwa mara nyingine ilikuwa inasomeka, nashuku fleksi ya kichwa: ule utepe mwembamba unaojikunja kila kichwa kinaposafiri. Ukipasuka, waya unagusana katika pembe fulani na kuachana katika pembe nyingine. Diski ya majaribio usiitupe. Kinasa kizima mara nyingi kitakubali kuifuta na kuiandikia TOC mpya, ingawa vingine vinagoma.

mama_saketi
Naungana na Kinasa64. Namna ya kuthibitisha bila kukisia ni hii.

Toa betri na waya wa umeme. Fungua mlango wa diski na umulike kwa tochi: utaona mkono mwembamba wa chuma wenye kipande cheusi kwenye ncha, hicho ndicho kichwa. Usiuinue kwa kidole. Ni springi, ukipinda hata kidogo kichwa hakitaigusa diski sawasawa, au kitaikwangua.

Kufika kwenye saketi unahitaji bisibisi ya nyota namba 00. Panga skrubu juu ya karatasi uliyochora umbo la kasha, kila moja mahali pake. Hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye saketi. Vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Diodi ya leza inakufa kwa cheche usiyoweza hata kuihisi. Fleksi ya leza kama hujaambiwa uiguse, usiiguse.

Fuata utepe kutoka kwenye kichwa hadi unapoungana na saketi. Kwenye kichwa ni koili tu, kwa hiyo ukipima kati ya nukta zake mbili lazima upate ohm chache. Pima sehemu mbili: kwanza kule fleksi inapoishia kwenye saketi, halafu pale ilipolehemiwa karibu na kichwa. Huku ukipima kule mwisho, sogeza kitoroli cha leza taratibu kwa kuzungusha gia yake kwa kijiti cha mbao, toka ndani hadi nje. Namba ikirukaruka au kupotea katika eneo moja, umepata ufa. Ikiwa karibu na kichwa kwenyewe hakuna kitu, koili imekatika, na hapo ni kutafuta mashine ya spea.

Ukiwa ndani, angalia pia grisi ya parafujo inayosukuma kitoroli. Ya zamani inageuka kama gundi. Ifute kwa spiriti, weka grisi nyeupe inayofaa plastiki, kiasi cha kichwa cha pini, basi. Kitoroli kizito kikishindwa kufika ndani kabisa hakisomi TOC, kwa sababu TOC iko upande wa ndani wa diski.

Betri_Bapa_Zote
Mimi niseme kuhusu umeme.

Ukungu huo umetoka kwenye betri ya NiMH, ni alkali, hivyo spiriti peke yake haiuondoi vizuri. Lowesha pamba ya masikio kwa siki, ikamue isidondoshe, sugua, halafu futa kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Siki isiingie ndani ya kasha. Chuma kikiwa kimeliwa hadi mng'ao wake wa juu umeisha, kikwangue kwa kalamu ya nyuzi za kioo na ukipake risasi ya kulehemu, nyembamba sana. Na betri bapa isilale ndani ya mashine isiyotumika.

USB-C: usiunganishe 5 V moja kwa moja kwenye tundu la umeme. Vinasa vingi vya aina hii vinataka 3 V. Soma mchoro wa chanya na hasi ulio kwenye kasha. Kwa rekodi za nyumbani tumia kishusha volti chenye pato la 3 V thabiti. Wala usijaribu kutia lithiamu ya 3.7 V kwenye chumba kilichoundwa kwa 1.2 V.

Njia ninayoipendekeza ni ile iliyokuja na mashine: kikasha cha AA, ndani yake AA ya NiMH ya takriban 2000 mAh. Betri bapa ni kama 1400 tu. Zipo AA za lithiamu za kuchaji kwa USB-C zinazotoa 1.5 V, zinavutia, lakini zina kishusha volti ndani na volti yake haishuki pole pole. Kipimo cha betri kinaonyesha imejaa, kisha inazima ghafla. Ikizima katikati ya kurekodi kabla TOC haijaandikwa, rekodi yote imepotea. Kwa kusikiliza sawa, kwa kurekodi hapana.

RisasiNyepesi
Bluetooth fanya kwa kisambazaji cha nje kwenye tundu la headphone, chenye betri yake. Ukikilisha kutoka chanzo kimoja na kinasa, utasikia mvumo na milio ya mota. Zima besi ya ziada, weka sauti kama robo tatu, kiwango kingine rekebisha kwenye headphone.

Kwa nyimbo kutoka kompyuta, achana na SonicStage, programu ya zamani ya Sony. Tumia Web MiniDisc Pro kwenye kivinjari cha jamii ya Chrome. Firefox haina WebUSB, njia ya kivinjari kuongea na kifaa cha USB. Kwenye Windows, badilisha draiva iwe WinUSB kwa programu ya Zadig. Ukitaka diski ipigwe na kile kicheza cha miaka ya 90, chagua SP. Inachukua muda, kwa sababu mashine yenyewe ndiyo inayobana sauti.

Hali ya huduma ya fundi usiingie kwa udadisi. Ukifuta kumbukumbu yake unafuta vipimo vya leza ya mashine yako mwenyewe, na vya mashine nyingine havitakufaa.

Diski_Bapa
Nimepima. Karibu na kichwa ohm zipo na hazichezi. Mwisho wa fleksi zipo kitoroli kikiwa ndani, kikifika katikati zinapotea.

mama_saketi
Safi, koili ni nzima. Usijaribu kulehemu juu ya ufa, utepe utapasuka tena pembeni yake. Ruka fleksi yote.

Chukua waya wa shaba wenye vanishi, 0.1 mm au mwembamba zaidi, vipande viwili. Choma vanishi milimita 1 kila ncha kwa kuizamisha kwenye tone la risasi la moto. Paka flaksi, gusa kila nukta isizidi sekunde moja. Upande wa kichwa ukichelewa, plastiki inayoshika koili inalainika na kichwa kinakaa upande. Waya zipite njia ileile ya fleksi na zibandikwe juu yake kwa vipande vidogo vya mkanda wa Kapton (unaostahimili joto), isipokuwa kwenye kona ya kujikunja. Pale ziache huru, na mwanya wa kutosha.

Kabla ya kufunga, sogeza kitoroli hadi mwisho wa ndani, halafu mwisho wa nje, ukiwa umeshika mita. Waya usivute mkono wa kichwa wala kushuka kuelekea diski.

Jaribio la kwanza jaza diski ya dakika 74 yote kwa SP. Kurekodi kunaanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo waya uliokatwa mfupi utakuumbua dakika za mwisho. Dakika ya 70 ikisikika safi, rudisha skrubu zilizobaki.