Mjadala: Klasi yako ikipunguzwa nguvu kwenye gemu, hasara abebe nani?

Wakuu za jioni. Huu uzi ni wa wale wanaocheza gemu za mtandaoni za kulea mhusika, zile unachagua klasi mwanzoni, uwe mpiga upanga, mchawi, mponyaji, mwindaji, halafu unasota naye toka levo ya kwanza mpaka anakuwa mtu. Wasiocheza nao karibu, maana humu ndani kuna hela, na bando la nyumbani linapoisha kabla ya muda mnakuwaga mnauliza limeenda wapi.

Swali ni hili. Umemlea mhusika wako miezi na miezi, umemnunulia hadi mavazi, asubuhi moja inashuka apdeti, unaingia unakuta pigo lililokuwa linaangusha adui mara moja sasa linamkwaruza tu. Kampuni ina haki ya kufanya hivyo? Na kama inayo, hasara ya nani?

Msimamo wangu nautoa mapema ili msinizunguke: kupunguza nguvu klasi iliyozidi ni sawa, tena saa nyingine ni lazima. Kisicho sawa ni gharama yote kuachiwa mchezaji.

Nianze na upande wa kampuni kwanza maana najua hapa wengi watakuja na mapanga. Novemba 2008 World of Warcraft, gemu ya kampuni ya Blizzard, ilileta klasi ya Death Knight, unaanza naye akiwa levo ya 55 tayari, na jamaa alikuja na nguvu hazielezeki, anakaba, anajiponya, anavuta mtu kutoka mbali. Kila kona Death Knight. Kama wangemwacha vile, klasi nyingine zingebaki mapambo. Sasa mtu ananiambia "wasipunguze, wawaongezee wengine", sawa, ukimwongezea kila mtu mabosi (wale maadui wakubwa wa gemu) wanaanza kufa kama kuku wa mdondo, inabidi uwaongezee damu na mabosi, kesho tena hivyohivyo, namba zinapaa tu. Hiyo nayo ilitokea kwenye gemu hiyohiyo, sababu kubwa ikiwa kila toleo jipya kuja na vifaa vikali kuliko vya zamani, mpaka Oktoba 2014 wakalazimika kuzishusha namba zote kwa pamoja, damu, dameji (madhara ya kila pigo), kila kitu, maana zilishakuwa hazisomeki. Kwahiyo anayesema kisipunguzwe kitu milele nadhani hajawahi kukaa upande wa kupigwa.

Sasa upande wa pili. Diablo IV imetoka Juni 2023 na klasi tano, watu wamelipa bei kamili. Julai 18, siku mbili kabla ya msimu wa kwanza kuanza, ikashushwa apdeti iliyowapunguza nguvu karibu wote kwa mpigo, na Sorcerer, klasi ya mchawi, ambaye alikuwa tayari anajikongoja naye akakatwa. Moto ulivyowaka, ndani ya siku chache watengenezaji wakakaa mbele ya kamera wakasema hawana mpango wa kutoa apdeti ya namna ile tena, na Agosti wakaanza kumrudishia Sorcerer na Barbarian nguvu. Mimi hapo sikuona shida kwenye wazo la kusawazisha, shida ilikuwa wamewanyang'anya watu raha bila kuwapa kitu kingine cha kufanya. Ulikuwa unamaliza pango kwa muda fulani, sasa unamaliza kwa muda mrefu zaidi, zawadi ileile.

Wakongwe wanaikumbuka Star Wars Galaxies, ile ndo kali kuliko zote. Novemba 2005 Sony Online Entertainment imeuza nyongeza ya kulipia, watu hawajakaa nayo hata sawasawa, inatangazwa kwamba mfumo mzima unabadilika: fani zaidi ya 30 zinabanwa zinakuwa 9. Mtu aliyekuwa mfuga wanyama akaamka fani yake haipo. Jedi, ambaye watu walikesha kumtafuta, akawa klasi ya kuchagua mwanzoni kama nyingine. Kelele zikawa kubwa mpaka kampuni ikakubali kurudisha hela ya ile nyongeza kwa walioitaka. Gemu iliendelea mpaka Desemba 2011 ikazimwa, lakini waliokuwepo wanakwambia kwao iliisha 2005.

Na kuna Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali, ameandika mwenyewe kwamba alicheza World of Warcraft 2007 mpaka 2010, ikafika siku Blizzard wakaondoa dameji kwenye uchawi wa Siphon Life wa Warlock wake (klasi ya mchawi wa giza), akalia mpaka usingizi ukamchukua, na siku ile akaona balaa la huduma inayoshikwa na mtu mmoja. Inawezekana kaweka chumvi kidogo, ila kila aliyecheza Warlock anamuelewa kabisa.

Haya tuje nyumbani, maana hapa ndo penye hoja yangu na sijaona watu wakiisema.

Gemu kubwa za aina hii, World of Warcraft na Final Fantasy XIV zikiwemo, hazina seva Afrika. Ukiwa Sinza au Mbagala unaungana Ulaya, data inapita chini ya bahari, ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) inacheza 150, 200, jioni watu wakirudi kazini inapanda zaidi, na nyaya zikikatika kama ile Mei 2024 EASSy na Seacom zilivyokatika pamoja ndo usahau kabisa, kulikuwa hakuna gemu, kulikuwa hakuna hata meseji za maana. Sasa mtu mwenye ping hiyo hachagui klasi kwa mapenzi tu. Klasi ya kukatiza uchawi wa adui kwa sekunde nusu huiwezi, ukibonyeza adui ameshamaliza. Kwenye Final Fantasy XIV kuna fani zinataka uchomeke mapigo mawili madogo katikati ya pigo kubwa na pigo kubwa, ping ikiwa juu la pili linachelewa, linasukuma pigo kubwa linalofuata, na dameji yako inashuka bila kosa lako. Kwahiyo sisi tunakimbilia klasi zenye mnyama wa kukupigania, zenye sumu ya kumwachia adui ikamla taratibu, Hunter, Warlock, watu wa aina hiyo. Siyo uvivu, ndo zinazochezeka kwa nyaya zetu.

Halafu mtengenezaji anaangalia takwimu zake, anaona klasi ile rahisi inachezwa na watu wengi mno, inashinda sana kwa wachezaji wa viwango vya chini, anaikata. Kwa aliyeko jirani na seva hiyo ni usumbufu wa wikiendi, anahamia klasi nyingine freshi. Mimi nahamia wapi? Zilizobaki zote zinataka vidole vya mtu mwenye ping ya 20. Kwahiyo apdeti moja, ila kipimo siyo kimoja.

Ongeza na gharama. Kulea mhusika mpya toka chini ni masaa, na masaa ni bando au ni hela ya kibanda cha gemu, apdeti zenyewe ni magigabaiti ya kupakua kabla hata hujacheza. Hii hali naifananisha na dereva wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba, kila siku anapeleka hesabu, katikati tajiri anaamka anasema hesabu imepanda na miezi imeongezeka. Pikipiki ni ya tajiri, ndiyo, hakuna anayebisha, lakini jasho lililoshaingia pale ni la nani?

Na msiniambie haiwezekani kufidia, mbona wanafanya. Hearthstone, ambayo ni ya karata lakini ya Blizzard haohao, karata ikipunguzwa nguvu unapewa muda wa kuivunja na unarudishiwa thamani yake yote ya vumbi (malighafi ya kutengenezea karata ndani ya gemu), unatengeneza nyingine. World of Warcraft ya mwanzo kubadili vipaji vya mhusika wako ulikuwa unalipia dhahabu, kila ukirudia bei inapanda mpaka dhahabu 50, leo unabadili bure. Genshin Impact, mhusika Zhongli alitoka Desemba 2020 watu wakatumia hela nyingi kumvuta kwenye bahati nasibu ya gemu wakakuta ni dhaifu, wachezaji wa China wakacharuka, Februari 2021 akaongezewa nguvu. Tena angalia hiyo vizuri: pale ambapo mchezaji amelipa hela inayoonekana kampuni inasikiliza haraka. Aliyelipa kwa muda wake anaambiwa azoee.

Ninachotaka mimi siyo kikubwa. Klasi ikikatwa kwa kiasi kinachobadilisha namna ya kuicheza, fungua dirisha la wiki mbili tatu mtu ahamishe levo yake na vifaa vyake kwenda klasi nyingine bure. Tangaza mapema kabla mtu hajanunua kitu cha klasi hiyo, maana kuna tabia chafu ya kuuza vazi jipya la klasi leo na kuikata wiki ijayo, imeshanikuta kwenye gemu moja sitaitaja. Na hizo takwimu zichambuliwe na kwa ping, seva inaijua ping ya kila mtu, siyo siri.

NYONGEZA: naona mmeanza kuchangia, nijibu machache.

Kuna mdau kasema "ulikubali masharti, mhusika siyo wako, umekodi tu". Kisheria uko sahihi mkuu, masharti yote yanasema hivyo na sijawahi kuona mtu akiyasoma. Lakini mimi sijasema tuwapeleke Kisutu. Nasema wanaotegemea watu warudi kila siku wasishangae watu wasiporudi.

Mwingine kasema wanaolalamika ni wale wanaokimbilia klasi yenye nguvu kila msimu, ikikatwa wanalia. Wapo kweli, na hao siwatetei, wao wanahama kabla hata apdeti haijamaliza kupakuliwa. Anayeumia ni yule aliyeshika klasi moja miaka yote, ikiwa dhaifu alivumilia, ikapata nguvu msimu mmoja akafurahi, ikakatwa kuliko hata ilivyokuwa mwanzo. Hapo watengenezaji wengi wanakosea, wanakata kwa shoka wakati wembe ungetosha.

Yule aliyeandika "ni gemu tu kaka, katafute kazi", nimekuona. Kazi ninayo, ndo inayolipia bando.

Na kuna mmoja kauliza swali zuri, kwanini tusiachane na klasi kabisa tucheze kama Albion Online ambako hakuna klasi, unachokivaa ndo kazi yako, ukishika upinde wewe mpiga upinde, ukivua umekuwa mtu mwingine. Kwa haraka inaonekana imemaliza mjadala. Ila kule nako ujuzi wa kila silaha unaupandisha kwa kuitumia, na kufika juu kabisa kwenye silaha moja ni kazi ndefu, kwahiyo silaha yako ikikatwa machungu bado yapo. Mnaocheza Albion hapa Dar, hasa mnaotumia simu, njooni mseme: silaha yenu ikipunguzwa mnahama kweli, au mnabaki nayo hivyohivyo kwasababu ndo pekee inayochezeka kwa ping yenu?