Uliyopitia wodini baada ya kupasuliwa, tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Tupeane uzoefu wa baada ya kutoka thieta, maana kisu chenyewe naona watu wengi hatuna malalamiko nacho, kasheshe ni wodini.

Naanza mimi. Mwaka jana nilipasuliwa kidole tumbo hospitali moja ya serikali, siitaji maana kesho kutwa naweza kurudi pale pale. Saa nane mchana nimetoka, wamenichoma sindano ya maumivu, nyingine kwenye faili imeandikwa saa nne usiku. Saa nne hiyo hola. Saa tano hola. Naita nesi, nesi, kimya, nikikohoa nahisi mshono unaachia. Mama wa kitanda cha pili, mguu wake umefungwa plasta ngumu, POP, ndo akachukua kijiko cha uji akaanza kugonga chuma cha kitanda ngo ngo ngo mpaka wodi nzima ikaamka. Nesi kaja kafura, "kwani we ndo wa kwanza kupasuliwa?" Halafu eti dawa imeisha ndugu zako wakanunue nje. Ndugu wenyewe wamelala kwenye khanga nje ya geti, mlinzi hamruhusu mtu mpaka saa kumi na mbili asubuhi! Nililia mpaka alfajiri nimekumbatia mto.

Mama Mapacha
Pole dada. Mimi ilikuwa oparesheni ya uzazi, ile ganzi ya mgongo. Siku ya pili nikikaa ninyonyeshe kichwa kinataka kupasuka, nikilala kinapoa. Nawaambia, wananijibu unadeka, wenzio wanatembea. Siku ya tatu kapita intern, daktari aliye mafunzoni, mdogo tu kauliza swali moja, ukilala kinaacha? Ndo akanieleza kwamba pale sindano ilipopita maji ya uti wa mgongo yanavuja, akaandika dripu, nilale, ninywe maji mengi na kahawa. Kahawa jamani! Mume wangu kaleta chupa nzima, kesho yake nikaanza kupata nafuu. Siku mbili naonekana mdekaji kumbe ni kitu wanakijua.

Kijana wa Mzee
Mzee wangu alifanyiwa tezi dume. Ndugu zangu kama una mgonjwa wa hivyo angalia mfuko wa mkojo kila saa. Wa mzee ulikaa pale pale bila kuongezeka, tumbo limekuwa gumu kama ngoma, jasho linamtoka, naambiwa subiri raundi ya asubuhi. Nikagoma kuondoka kwenye meza ya manesi. Kuja kuangalia, mpira wa mkojo umeziba na mabonge ya damu, wakausukuma na maji, mzee akashusha pumzi nikaisikia mpaka mlangoni.

Nesi wa zamu
Nisemeni tu, nimezoea. Ila usiku naweza kuwa peke yangu na vitanda thelathini na kitu, watatu wametoka thieta, mmoja anatoka damu, nakimbilia wapi? Majibu ya hovyo sitetei, hayo ni mdomo wa mtu.

Mkongwe
Mmesahau 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili? Wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, kisa majina yamefanana. Sasa hivi ukiulizwa jina lako na unapasuliwa wapi mara nne usikasirike, jibu tu.

Mdau wa Moro
Nyie mnalalamikia wapi lakini? Mimi niliandika nikatumbukiza kwenye sanduku la maoni, kufuli lina kutu hadi funguo haiingii. Baadae nikaenda mwenyewe kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, na tarehe, saa, namba ya wodi na ile karatasi ya ruhusa, kumbe mshono ulitoa usaha kwa sababu nilirudishwa nyumbani hata siku ya kuja kutoa nyuzi sijaambiwa. Wakanisafisha bure na nikaombwa radhi. Ikiwa ni kosa kubwa la daktari kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, la nesi kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Mleta mada
Nesi nimekusoma dada, nakuelewa. Mdau wa Moro asante, sikujua kama mtu anaweza kwenda moja kwa moja kwa mfawidhi. Yule mama wa kijiko alitoka kabla yangu na namba sikuchukua, najilaumu mpaka leo.