Ulinganisho: kabini za maonyesho na kabini tunazopanda, kipi kinampa nafuu abiria wa daraja la kawaida?

Mwanamtama (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka mjini Hamburg, Ujerumani, hufanyika maonyesho makubwa ya vifaa vya ndani ya ndege, na picha za viti vipya husambaa kana kwamba tutavikalia msimu ujao. Mwaka 2018 kampuni ya Aviointeriors ya Italia ilionyesha SkyRider 2.0, kiti kinachofanana na tandiko, ambacho abiria hukaa nusu akiwa amesimama huku safu zikiachana kwa inchi 23 tu. Mwaka 2022 mbunifu kijana wa Hispania, Alejandro Núñez Vicente, alileta viti vya ghorofa mbili alivyoviita Chaise Longue, ambavyo abiria wa chini hunyoosha miguu chini ya kiti cha yule aliye juu. Kabla ya hapo, mwaka 2020, Air New Zealand ilikuwa imetangaza Skynest, yaani vitanda sita vilivyopangwa vitatu vitatu kwa ajili ya abiria wa madaraja ya chini.

Ninaomba tulinganishe mambo matatu kwa makini: viti hivi vya ubunifu, aina ya ndege yenyewe, na uamuzi wa shirika kuhusu idadi ya viti katika kila safu. Ni lipi kati ya haya linaloamua kama mtu atashuka akiwa mzima baada ya saa kumi au kumi na tano angani? Mimi naelekea kuamini kwamba ni umbo la ndege, kwa sababu kiti hubadilishwa baada ya miaka michache, lakini upana wa kabini haubadiliki mpaka ndege inapostaafishwa. Hata hivyo nipo tayari kusahihishwa na wenye ujuzi.

Fundi wa Karakana

Ndugu Mwanamtama, nimefanya kazi ya matengenezo ya ndege kwa muda mrefu, na nitaanza na viti vya maonyesho kwa sababu ndivyo vinavyowapotosha watu.

Kiti cha ndege si samani, ni kifaa cha usalama. Ni lazima kihimili mshtuko wa mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia kikiwa kimebeba mwanasesere mwenye uzito wa mtu mzima, na kichwa cha mwanasesere huyo kisigonge kitu chochote kwa nguvu inayozidi kiwango kilichowekwa. Zaidi ya hapo, mtengenezaji wa ndege hutakiwa kuthibitisha kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Sasa chukua kiti cha ghorofa mbili ujiulize kichwa cha aliyekaa chini kitaelekea wapi ndege ikifunga breki ghafla, na bibi wa miaka sabini aliyekaa juu atateremka kwa sekunde ngapi. Sisemi kwamba maswali hayo hayana majibu, ninasema kwamba majibu yake ni ya gharama kubwa na ya miaka mingi, na mchoro hauyaonyeshi.

Skynest ni jambo jingine, kwa sababu shirika lenyewe ndilo lililoubuni na ndilo litakaloutumia. Lakini tazameni masharti yake. Kitanda hakitumiki wakati wa kupaa wala kutua, kwa hiyo kila anayelala humo ni lazima awe na kiti chake pia. Kitanda kinaongezwa juu ya kiti, hakichukui nafasi yake, na sehemu kinaposimama ingeweza kuwekwa viti vya kuuza. Ndiyo maana umepangwa kwa zamu za saa nne, na ndiyo maana unawafaa watu wa Auckland wanaovuka bahari kwenda New York. Sioni shirika lenye safari za saa tano au sita likiuiga.

Historia nayo inatufundisha mengi. Boeing 747 ilipoanza kazi mwaka 1970, ghorofa ya juu ilikuwa sebule, na American Airlines iliweka hata kinanda cha umeme kwa ajili ya abiria wa daraja la kawaida. Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia mwaka 1973, sebule zikaondolewa na viti vikawekwa. Airbus A380 nayo ilinadiwa kwa picha za baa na maduka kabla haijaanza safari zake mwaka 2007. Bafu la maji ya moto likapatikana kweli ndani ya ndege za Emirates mwaka 2008, lakini kwa abiria wa daraja la kwanza.

Binti Kisauni

Nimesoma maelezo ya Fundi kwa furaha, na ninaongeza upande ambao watu wengi huusahau kwa sababu hauonekani kwa macho, nao ni hewa.

Kwa kanuni, shinikizo la hewa ndani ya kabini halipaswi kushuka chini ya lile la mahali palipo futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 2,440. Ndege nyingi za alumini hukaribia kiwango hicho zinapokuwa juu sana, kwa sababu alumini huchoka kadiri mwili wa ndege unavyotanuka na kunywea katika kila safari. Boeing 787 na Airbus A350, ambazo miili yake imejengwa kwa sehemu kubwa kwa nyuzi za kaboni, huweza kudumisha shinikizo la futi 6,000, yaani takriban mita 1,830. Kwa sisi wa huku tofauti hiyo inaeleweka kwa urahisi: ya kwanza ni kama kukaa juu kidogo ya Addis Ababa, na ya pili ni kama kukaa Nairobi. Nyuzi za kaboni pia hazipati kutu, kwa hiyo kabini inaweza kuachiwa unyevu zaidi, na macho na koo havikauki kwa kiwango kilekile.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la New England Journal of Medicine, ambao uliwaweka watu wazima 502 ndani ya chumba cha shinikizo, ulionyesha kwamba malalamiko ya kutojisikia vizuri yaliongezeka katika futi 7,000 hadi 8,000, na yalijitokeza baada ya saa tatu hadi tisa. Utafiti huo ulifadhiliwa na Boeing, na ni haki msomaji alijue hilo, lakini matokeo yake yalipitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Mimi ni muuguzi, na kwa mzee mwenye shida ya kifua nitaichagua hewa kabla ya upana wa kiti bila kusita.

Mkazi wa Entebbe

Dada Binti Kisauni, hoja ya hewa naikubali, lakini naomba tusiipuuze habari ya viti, kwa sababu 787 ndiyo mfano dhahiri wa ahadi iliyobadilishwa njiani.

Boeing ilipoitangaza, ilizungumza juu ya safu ya viti vinane, mbili-nne-mbili (yaani viwili, vinne na viwili vikitenganishwa na njia za kupita), katika daraja la kawaida. Mashirika yalipogundua kwamba kiti cha tisa kinaingia, karibu yote yakakiweka, na upana wa kiti ukashuka hadi takriban inchi 17, yaani sentimita 43. Japan Airlines ni miongoni mwa wachache waliobaki na viti vinane. Dreamliner, yaani hizo 787, za Kenya Airways na za Air Tanzania zina viti tisa, tatu-tatu-tatu. Kwa upande wetu, Uganda Airlines ilinunua Airbus A330-800, ndege ya alumini yenye hewa ya aina ya zamani, lakini safu yake ni mbili-nne-mbili na kiti kina takriban inchi 18.

Hesabu wanaobanwa katikati ya watu wawili. Katika safu ya 787 yenye viti tisa ni watatu. Katika safu ya A330 yenye viti vinane ni wawili. Mume na mke wakipata viti viwili vya dirishani kwenye A330 hawana mgeni wa kumruka wala wa kumwamsha. Katika safari ya usiku hilo lina thamani kubwa kuliko dirisha la 787 linalojitia giza kwa kubonyeza kitufe.

Mwanahesabu

Ndugu zangu, naomba niwe upande wa mashirika kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewasemea.

Mwaka 2000 American Airlines iliondoa maelfu ya viti katika ndege zake ili kumwongezea abiria wa daraja la kawaida nafasi ya miguu, ikatangaza jambo hilo kwa nguvu, na baada ya miaka michache ikavirudisha. Abiria waliipenda nafasi hiyo, lakini wakati wa kukata tiketi waliendelea kumfuata mwenye nauli ya chini. Kiti cha tisa katika safu ya 787 ni mapato yanayotokea katika kila safari kwa mafuta yaleyale, marubani walewale na ada zilezile za kutua. Kwa shirika la Afrika Mashariki linaloshindana na mashirika ya Ghuba, hiyo si tofauti ndogo. Anayedai kiti kipana aseme pia kama yupo tayari kulipa nauli yake, maana mwanafunzi anayekwenda Guangzhou au mfanyakazi anayerudi kutoka Muscat huenda asiweze.

Mwanamtama

Mwanahesabu, hoja yako ni ya haki, na ndiyo inayonirudisha kwenye nilichokusudia. Ikiwa shirika litaongeza kiti kila panapopatikana nafasi, basi starehe ya kuaminika ni ile ambayo umbo la ndege linailinda.

Tazama Airbus A220, ambayo Air Tanzania ilikuwa ya kwanza kuipokea barani Afrika, mwishoni mwa mwaka 2018. Safu yake ni mbili-tatu. Viti vina upana wa takriban inchi 18.5, na kile cha kati kimepewa inchi 19, kwa kuwa anayekaa hapo ndiye anayeminywa pande zote. Mtu akitaka kuweka kiti cha sita hataweza, kwa sababu njia ya kupita itatoweka. Embraer 190, ambayo Kenya Airways huitumia katika safari za kanda, ni mbili-mbili na haina kabisa kiti cha kati. Cha tano hakiingii. Kinyume chake, Boeing 777 ilianza kazi mwaka 1995 ikiwa na viti tisa katika safu za mashirika mengi, na kwa kuwa upana wake unaruhusu cha kumi, leo kumi ndiyo desturi. Injini za A220 zimeyasumbua mashirika mengi, hilo nalijua, lakini kuhusu kabini sijaona ndege ndogo iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Fundi wa Karakana

Hapo umelenga penyewe, Ndugu Mwanamtama, ingawa nina nyongeza moja kuhusu Airbus. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitoa wito kwamba inchi 18 ziwe kipimo cha chini kwa safari ndefu, ikitumia utafiti iliougharimia kwa kituo cha London Sleep Centre, uliosema kwamba usingizi huboreka kwa asilimia 53 ukilinganisha na kiti cha inchi 17. Miaka miwili tu baadaye ilipendekeza viti kumi na moja katika safu ya A380, na A350 yake leo inauzwa pia kwa safu ya viti kumi. French bee na Air Caraïbes za Ufaransa zinazo. Kwa hiyo msiseme A350 ni tisa daima. Tazameni ramani ya viti ya shirika husika kabla ya kulipa, na siku chache kabla ya safari itazameni tena, kwa sababu ndege hubadilishwa.

Binti Kisauni

Na sheria je? Naona hatujaigusa.

Fundi wa Karakana

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2018 iliyoiagiza mamlaka ya anga, FAA, kuweka vipimo vya chini vya viti. FAA ikafanya majaribio ya kutoka kwenye ndege mjini Oklahoma City, na mwaka 2022 ilikuwa bado inakusanya maoni ya umma. Ona pia kwamba majaribio yale hayakuwahusisha watoto wala wazee wenye zaidi ya miaka 60, na hao ndio tunaosafiri nao. Mjadala wenyewe ulihusu kutoka salama wakati wa ajali. Starehe haikuwa hoja.

Mkazi wa Entebbe

Basi kwa anayesafiri na mzazi mwenye shida ya kifua, ushauri wangu ni 787, kiti cha pembeni mwa njia ili ainuke kila saa kunyoosha miguu, na mtoto wake akae kile cha kati. Kwa wawili wenye afya njema wanaosafiri usiku, A330 upande wa dirisha. Kwa safari fupi za kanda, Embraer au A220 zikiwepo kwenye ratiba, hata kama zinaondoka saa moja baadaye.

Mwanahesabu

Ushauri huo naukubali, kwa sharti kwamba nauli zimelingana. Zikipishana sana, mimi nitakaa kiti cha kati cha safu ya viti tisa na kulipia nafasi ya miguu ya mlango wa dharura, ambayo katika mashirika mengi ni nafuu kuliko tofauti ya tiketi mbili.