Naomba ushauri: kutoka disko ya 1977 hadi singeli bila kupoza sakafu ya dansi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni DJ, napanga miksi (nyimbo zinazounganishwa bila kukatika) ya urefu wa saa moja: "I Feel Love" ya Donna Summer (1977), "Blue Monday" ya New Order (1983), "Strings of Life" ya Derrick May wa Detroit (1987), "Around the World" ya Daft Punk (1997), kisha singeli ya Dar.

Kinachosumbua ni spidi. Daft Punk wako kwenye mapigo 121 hivi kwa dakika, New Order 130. Kumpandisha wa chini ni asilimia 7.4: sauti inapaa zaidi ya nusu toni, na ukizuia isipae, ile sauti ya roboti ya Daft Punk inalia kama iko ndani ya maji. Nafikiria wakutane 125. "Strings of Life" hainipi shida; haina besi, naiachia besi ya wimbo uliotangulia.

Singeli ndiyo kazi, inapita 200. Nishuke taratibu hadi 105 niingize ya 210, pigo moja la wimbo unaotoka kwa mawili ya singeli? Naogopa pale 105 watu watakaa. Au nikate wimbo ghafla, mwangwi wake ulie mapigo manne, ndipo singeli iingie? Mliowahi kujaribu, ipi inashika?