Wiki tatu baada ya upasuaji wa fizi na kidonda hakifungi: naomba ushauri

Dereva wa Elegu: Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa fizi hapa Kampala, upande wa chini kulia, baada ya miaka mingi ya kuvuja damu na meno mawili kuanza kulegea. Daktari alizifunua fizi, akakwangua ukoga uliogandamana na mizizi, kisha akazishona. Nyuzi zilitolewa siku ya 10, lakini nyuma karibu na gego la mwisho pamebaki wazi, pana rangi ya kijivu na panauma usiku. Nimesikia kwamba mgonjwa anaweza kutolewa damu yake mwenyewe, ikazungushwa katika mashine mpaka ikatengana, na utando mzito unaopatikana ukawekwa juu ya kidonda ili kipone upesi. Je, inafaa kulipia jambo hilo kabla sijarudi safarini Ijumaa?

Mama Swalha: Pole sana, mwanangu. Mimi nilipong'olewa gego kule Arua nilisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikala uji na matoke yaliyopondwa kwa siku nyingi, na sikuhitaji mashine yoyote. Vijana wa siku hizi hamna subira, na soda mnazokunywa barabarani ndizo zilizowafikisha hapo.

Muuguzi wa Kasese: Mama Swalha, jino lililong'olewa na fizi iliyofunuliwa mpaka mfupa ukaonekana si kidonda cha aina moja. Ndugu dereva, una ugonjwa wa sukari? Unatumia tumbaku ya aina yoyote?

Dereva wa Elegu: Sukari ilipimwa kabla ya upasuaji, nayo ilikuwa sawa. Sigara sivuti. Naomba turudi kwenye swali langu la damu.

Hajati wa Bombo: Kwa kuwa wasomaji wengi hapa ni Waislamu, naomba kutanabahisha jambo. Ipo jeli ambayo madaktari huipaka kwenye mizizi ili kusaidia tishu kuota upya, na aina inayojulikana zaidi hutokana na meno machanga ya nguruwe. Damu ya mtu mwenyewe ni suala jingine, lakini kabla hujalala kwenye kiti uliza kila kitakachowekwa kinywani mwako. Mimi sikuuliza, na mpaka leo sijui niliwekewa nini.

Muuguzi wa Kasese: Sikuuliza sigara, ndugu yangu. Niliuliza tumbaku.

Dereva wa Elegu: Sawa. Natumia ile ya pakiti inayowekwa chini ya mdomo. Hata hivyo naiweka upande wa kushoto, mbali kabisa na kidonda, na ni usiku tu, maana anayeifahamu barabara ya kutoka Karuma kwenda Elegu, mpakani na Sudan Kusini, saa nane za usiku akiwa na tani 20 za saruji hawezi kunihukumu. Isitoshe, nimekwisha kulipa nusu ya gharama za huo utando wa damu, kwa hiyo kuniambia nisifanye kumechelewa.

Fundi Tairi: Mzee wangu, hakuna anayeziba pancha huku msumari ungali ndani ya tairi. Hata ukijaza upepo wa damu yako mwenyewe, hutafika Elegu.

Karani wa Zamani: Samahani, lakini mimi naona hadithi hii imetungwa. Dereva wa lori anaueleza utando wa damu kana kwamba anasoma kijikaratasi cha matangazo, na bila shaka kesho tutatajiwa kliniki na namba ya simu. Vilevile uuzaji wa tumbaku hiyo ulipigwa marufuku na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, naye anaizungumzia kama karanga. Zaidi ya hayo, katika mjadala wake mwingine humu jukwaani kuhusu foleni ya mpakani, siku hiyo ya 10 alikuwa safarini. Nyuzi alizitolewa Kampala kwa miujiza gani?

Dereva wa Elegu: Sikusema zilitolewa Kampala. Zilitolewa Gulu, na daktari mwingine, wakati utingo akinisubiri garini. Aliyenipasua sijarudi kwake.

Muuguzi wa Kasese: Ahsante, Karani, ingawa si kwa sababu uliyoitaka. Ndugu dereva, ina maana aliyekupasua hajakiona kidonda hicho tangu alipokishona. Kwa kawaida ngozi ya juu ya fizi hujifunga ndani ya wiki mbili hivi, ingawa mfupa na nyuzinyuzi za ndani huchukua miezi. Panapobaki wazi na kijivu baada ya wiki tatu panaweza kuwa na mabaki ya chakula, kipande cha uzi au mfupa uliokosa kifuniko, na hayo hayatambuliwi kwa kuandikiana. Kuhusu kushoto na kulia, nikotini haikai ilipowekwa: huingia katika damu na kubana mishipa midogo, hivyo fizi za pande zote hupata damu kidogo wakati zinapoihitaji zaidi. Njia unayoitaka ni ya kweli; Joseph Choukroun wa Ufaransa aliieleza mwaka 2001, na baadhi ya madaktari huitumia wakati wa upasuaji. Lakini utando huo nao hutegemea mishipa hiyohiyo unayoibana kila usiku.

Mama Swalha: Na chumvi asiiache.

Dereva wa Elegu: Nimempigia daktari wa kwanza. Ameniita Alhamisi saa tatu asubuhi, na amekataza nisiguswe na mtu mwingine kabla hajapiga picha ya mfupa. Wale wa utando wa damu wamesema fedha hazirudi. Pakiti mbili zilizobaki nimempa utingo azitupe, naye ameniuliza kama si afadhali aziuze.